Chenji ya Mjomba

Miaka kumi na tisa nachimba zinki
na sikuwahi kujua ladha yake.
Najua rangi: kahawia inayokaribia weusi,
ukiimulika inameta kama mgongo wa mende.
Najua uzito wake kwenye toroli.
Najua bei yake ikipanda, maana na bia hupanda,
na ikishuka, maana hatutazamani usoni.

Juni, Porco. Maji ya ndoo yameganda, kata inagonga.
Delmira ana miaka sita, na mafua yamemshukia kifuani,
si yale ya kupangusa kamasi ukaenda shule,
haya ya virusi, yaliyolaza darasa zima
na mwalimu wao juu yake.
Anapumua kama mtu anayekunja gazeti,
anakunjua,
anakunja.

Nesi Casilda Ayaviri akamsikiliza mgongo,
akahesabu pumzi kwa saa ya mkononi,
akasema: Si nimonia. Bado.
Nikaomba sindano. Akakataa.
Nikaomba zile kapsuli nyekundu kwa nyeusi.
Akasema hizo ni za bakteria, na huyu ni kirusi,
ni kumfungia mbwa mlango
wakati mwizi wako ni panya.
Maji, akasema. Alale. Supu.
Ukiona mbavu zinabonyea akivuta pumzi, mlete usiku huohuo.
Halafu akavuta droo, akatoa vidonge kumi.
“Nusu asubuhi, nusu jioni, ale kwanza, la sivyo atatapika.
Haviponyi. Vinausaidia mwili ujiponye,
na hata hilo mabingwa bado wanabishania.”
“Ni vya nini?”
“Zinki.”

Nilicheka. Akadhani nimelewa.

Boliviano kumi na mbili.
Mlima niliouuza kwa tani
nikaununua kwa miligramu.
Ulishuka kwa treni, ukavuka bahari,
ukayeyushwa Korea, au Ubelgiji, hakuna anayetuaga,
ukavikwa sukari ya rangi ya chungwa,
ukarudi kwetu mgeni, una tarehe ya kuharibika.

“Na usizidishe,” nesi alinifuata hadi mlangoni.
“Zinki ikijaa mwilini huifukuza shaba.”
Zenobio, mwenzangu wa zamu, alilipenda sana hilo:
kumbe hata tumboni
madini yanagombea njia.

Usiku nikaramba unga uliobaki kwenye kisu.
Ladha ya ufunguo.
Ladha ya lango la mgodi asubuhi ile, nina miaka saba,
nilipobandika ulimi kwenye chuma chenye barafu
na kaka zangu wakanimwagia chai unibanduke.
Kumbe niliijua.

Mama mkwe, Bi Eulogia, hakushindana na nesi.
Alichemsha majani yake ya wira wira, akatia asali:
nusu yako mpe, kikombe changu mpe,
mtoto si mahakama.
Akakohoa Delmira chumbani, nikakohoa mimi jikoni.
Changu si cha virusi.
Mlima uleule: kwangu uliingia puani bila hodi,
kwake unaingia mdomoni umepimwa, umeandikiwa.

Siku ya tatu homa ilipanda nikavaa viatu kabisa, tayari kumbeba.
Ikashuka alfajiri.
Siku ya sita akadai tambi.

Kidonge? Majani? Mwili wake mwenyewe?
Nesi akasema huenda angeamka siku hiyohiyo hata bila kitu.
Huenda angechelewa siku moja.
Siku moja, nikamwambia,
keti jikoni kwangu usiku mmoja uone urefu wake.

Ijumaa tukakaa mbele ya Mjomba,
yule wa udongo, mwenye pembe, mwenye mgodi.
Wenzangu wakampa koka na sigara.
Mimi nikamwekea gotini nusu ya kidonge,
ile aliyoitema Delmira siku ya kwanza,
nilikuwa nimeikausha mfukoni.
Zenobio akauliza ni nini.
Chenji yake, nikasema.

Akipanda ngazi bado anakohoa kidogo.
Nasimama chini, nahesabu.